Mbuzi ya Juu, Mbuzi wa Chini

Kwetu Muheza sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa maandazi, ukiletewa hata vipande vitatu vya muhogo, sahani utaiosha, utaifuta, na utatia kitu juu yake kabla hujairudisha. Sasa fikiria tabu yangu. Miaka 11, kila Diwali, naletewa kutoka ghorofa ya pili sinia linalong'aa kama kioo, limejaa chevda, gathia, ladu na vile vipande vitamu vya maziwa na iliki, na miaka 11 sinia lile nalirudisha na machungwa. Mwaka mmoja niliweka korosho. Mwaka mwingine maembe dodo. Matunda mazuri, sikatai, na machungwa ya kwetu hayana mpinzani, lakini chungwa halikupikwa na mtu. Chakula cha mkono wangu kilikuwa hakijawahi kushuka ngazi zile.

Nilikuwa naogopa. Familia ya Ba hawali nyama, hawali samaki, hawali yai. Hayo ningeyaweza, mwisho wa mwezi hata sisi hatuli. Lakini kwa imani yao hawali vitunguu maji wala vitunguu saumu pia, na hapo ndipo mkono wangu ulipokuwa unakufa ganzi. Mimi mafuta yakishapata moto, kitunguu kinaingia chenyewe. Sijui kuanza chakula kwa namna nyingine.

Jengo letu liko Upanga, ni moja ya zile nyumba zilizotaifishwa mwaka 1971. Watu wa umri wa mama yangu bado wanaziita nyumba za Msajili, ingawa Msajili wa Majumba alishaunganishwa na Shirika la Nyumba zamani. Ndiyo maana ngazi zetu zinakusanya Wahindu, Mabohora, Wachaga, Wazaramo na Wapemba, na ukizipanda saa moja jioni unafika juu umeshakula kwa pua nyumba sita.

Ba ana miaka 78. Kwa Kigujarati ba ni mama, au bibi, na jengo zima linamwita hivyo, mlinzi pamoja. Amezaliwa Tanga mjini, na Kiswahili chake ni cha Tanga kuliko changu, mimi nimeshaharibiwa na Dar. Mimi ni fundi cherehani, na yeye huniletea vitambaa vya blauzi za sari. Ni mteja asiye na huruma. Kabla hajalipa anaigeuza blauzi ndani nje, anaupitisha mshono wote chini ya kidole gumba, na mkono ukizidi nusu inchi anairudisha.

Mwezi wa nane nilikuwa nampima kifua, pini zimejaa mdomoni, nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema: "Ba, Jumamosi ijayo njoo na watoto mle kwangu."

Akanitazama juu ya miwani. "Utapika nini?"

"Nitaona."

Akacheka hadi futi ikatoka mahali pake.

Jioni nikamwambia mume wangu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema polepole, kama mtu anayekiri, kwamba Jumamosi hiyohiyo ameshamwalika baba yake, aliyekuwa ameshuka kutoka Machame kwa ajili ya kliniki ya macho, na dada yake na mumewe. "Na Baba nimemwahidi mbuzi."

Wifi yangu ameolewa na Mpare wa Mamba, Msabato wa tangu kwa babu yake. Kanisa la Wasabato lilianzia nchini kulekule kwao, Mamba Giti, mwaka 1903, na shemeji hakuachi usahau mwaka huo. Wasabato wengi ninaowajua wanakula ng'ombe na mbuzi bila wasiwasi. Wanachoepuka ni nguruwe, na vya majini visivyo na magamba, kambale, pweza, kamba. Shemeji yeye aliacha nyama yote kabisa miaka sita iliyopita. Vitunguu anakula, tena kwa fujo, anavitafuna vibichi kama tufaha. Chai ya majani hanywi, kahawa hanywi. Na chochote cha kupikwa Jumamosi kwao kinasubiri jua lizame.

Ongeza fundi mwenzangu wa kibandani, mama wa Kizaramo, ambaye swali lake lilikuwa moja tu: "Huyo mbuzi aliyechinja nani?" Ongeza watoto wa kila upande. Nikahesabu watu 14.

Lugha yetu yenyewe haikunisaidia. Dar ukiuliza "leo mboga nini?" na mtu akajibu "nyama", hakuna anayeshangaa. Mboga ni chochote kinachoshusha ugali. Kwa hiyo ukisema mgeni wako "anakula mboga tu", hujasema kitu. Na neno nyama nalo lina milango yake ya uani, kama nilivyogundua nilipokuwa namwandaa baba mkwe kukutana na Ba.

"Hali nyama?" Baba akauliza.

"Hali, Baba."

"Basi mchinjieni kuku."

"Kuku pia hali, Baba."

Akafikiri. "Samaki."

"Hapana."

"Hata dagaa?"

"Hata dagaa. Na mayai."

Akakaa kimya muda mrefu, halafu akauliza kwa huruma ya kweli kabisa: "Anaumwa nini?"

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa pilau. Sufuria kubwa ya pilau ya nyama, na pembeni kasufuria ka pilau isiyo na nyama kwa ajili ya "wale". Nilimwambia wifi kwenye simu, akaguna. Akaniambia shemeji amekwenda harusi hazihesabiki ambako amepewa wali mweupe, kachumbari na pole. Mhudumu anachota wali kwenye sinia la pilau, anazitoa nyama kwa kijiko kilekile, anasema hii haina. "Siyo kwamba ananuna," wifi akasema. "Anakula anamaliza. Ila akirudi nyumbani anapika uji."

Basi nikafanya kama ninavyofanya na kitambaa. Nguo ikiwa kubwa unaipunguza, ikishakatwa ndogo ndiyo basi, na ndiyo maana kila nguo yangu naiachia inchi moja ya akiba ndani ya mshono. Kitunguu unaweza kumwongezea mtu mezani, ila kwenye sufuria hukitoi. Nikaamua kwamba jiko la juu, la ghorofa ya tatu, litapika vyakula vya Ba tu, kwa watu wote 14, navyo ndivyo vitakuwa chakula. Nyama itakuwa ya uani, chini, kwenye jiko la mkaa, na kisu chake na ubao wake na chumvi yake. Hakuna cha chini kitakachopanda jikoni.

Nikaandika kwa chaki ya kitambaa kwenye karatasi ya kukatia: wali wa nazi, mbaazi za nazi, kisamvu cha nazi na karanga, ndizi mzuzu kwa tui na iliki. Wifi akasema ataleta makande, maana Mpare haendi ugenini bila makande. Kwa Baba nikaongeza kiburu. Hilo nitalirudia.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na tatizo la kitunguu, na dawa yake Ba alinitajia mwenyewe. "Tia hing kidogo kwenye mafuta ya moto." Nikauliza hing ni nini. Akaingia jikoni kwake akatoka na kikopo cheupe, akakifungua chini ya pua yangu.

Jamani. Harufu ile niliijua kabla sijajua kusoma. Mvuje! Bibi yangu hakuna mtoto mchanga wa ukoo aliyempita bila kumfunga mvuje mkononi, ndani ya kitambaa cheusi, ili jicho baya lipite mbali na mashetani wasikanyage mlangoni. Mimi nimefungwa, wadogo zangu wamefungwa, na binti yangu alifungwa kwa siri siku baba yake yuko kazini. Na miaka yote hiyo, ghorofa moja chini yangu, mtu alikuwa anautia kwenye dengu.

Alhamisi nikaenda Kariakoo kwa wauza dawa za asili, maana kama ni mvuje najua unakouzwa. Kijana akanipimia donge la kahawia, gumu kama kokoto. Akaniuliza, kwa heshima ya daktari, "Mtoto ana miezi mingapi?" Nikamwambia si wa mtoto, ni wa mbaazi. Akanitazama kama mtu anayeona mashetani wameshafika.

Usiku huo nikafanya majaribio. Nikakata kipande cha ukubwa wa punje ya mbaazi yenyewe, nikakitupa kwenye mafuta. Mume wangu alifungua madirisha yote, kisha akafungua mlango, kisha akashuka chini kukaa na mlinzi. Asubuhi Ba alicheka akanipa kikopo chake. Donge nililonunua ni utomvu mtupu, unatoka kwenye mizizi ya mmea wa huko Afghanistani na Irani. Huo wa kikopo umesagwa ukachanganywa na unga ndipo mtu aweze kuishi nao. Cha kutia ni ncha ya kijiko cha chai kwa sufuria nzima, kwenye mafuta ya moto, sekunde chache tu, halafu haraka unafuatisha nyanya. Na hapo kinatokea kitu. Ule uvundo unageuka. Unakuwa kama kitunguu kinachokaangwa nyumba ya pili. Niliendelea kunusa sufuria ile kama mtoto.

Kisamvu kilinipa kazi nyingine. Siku hizi hakuna anayetwanga, unanunua sokoni kimeshasagwa. Ijumaa nikaenda Kisutu, nikafika kwa mama ninayemjua, nikauliza: hiki kina nini? Akajibu kwa fahari: "Nimekutilia kila kitu mwanangu, saumu, hoho, karoti." Wa pili vilevile. Nikanunua majani mabichi mafungu manane, nikatoa kinu chini ya kitanda, nikaanza kutwanga ghorofa ya tatu saa nane mchana. Dakika kumi hazijafika, mlango ukagongwa. Ba, kwa miguu yake, na yeye magoti yanamsumbua.

"Unajenga?"

"Natwanga kisamvu, Ba. Cha kesho."

Akatazama kinu. Akashika mchi, akatwanga mara tatu nne, mtwango mzuri wa mtu aliyewahi kufanya, akaurudisha. "Tanga tulikuwa tunatwanga uani," akasema. "Hapa unatwanga juu ya kitanda changu." Akashuka. Nikahamishia kinu kwenye mkeka uliokunjwa mara nne nikamalizia.

Jumamosi.

Asubuhi mume wangu alirudi na kilo 4 za mbuzi, mbavu na paja, akaziacha kwenye ndoo ya barafu kule uani kama tulivyokubaliana. Mimi nilikuwa na nazi nane za kukuna na sikuiona mbuzi yangu. Nikapaza sauti kwa binti yangu aliyekuwa chumbani: "Mbuzi iko wapi? Nani kaificha mbuzi?"

Sebuleni Baba akasimama ghafla. "Mbuzi kafichwa?"

"Siyo mbuzi huyo Baba, ni mbuzi ya nazi."

"Na mbuzi mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko chini, Baba."

"Na iliyopotea?"

"Ya juu."

Tangu hapo siku nzima nyumba ilisema mbuzi ya juu na mbuzi wa chini, hata watoto. Mbuzi ya juu ilipatikana nyuma ya cherehani, mwanangu wa kiume alikuwa ameigeuza pikipiki. Binti akaikalia, akakuna, mimi nikakamua: tui zito bakuli lake, jepesi bakuli lake.

Miiko na pawa nikazifunga nyuzi. Nyekundu ni ya nyama. Kijani ni ya kila mtu hadi Ba. Baadaye ikabidi niongeze njano, hakuna nyama ila kitunguu kimo, kwa ajili ya makande na kachumbari. Nyuzi ninazo za kutosha. Kitu pekee ninachokimiliki kwa wingi duniani ni nyuzi.

Sasa nifike kwenye mbaazi.

Zilikuwa zimeiva vizuri, saa tisa alasiri, tui jepesi linachemka taratibu, rangi ya bizari imekaa. Simu ikaita: mteja, gauni la kitchen party, anataka Jumatatu badala ya Jumatano. Nikabana simu begani, nikawa nabishana huku nakoroga. Nilipokata simu niliona karatasi ndogo ya dhahabu imekunjwa mkononi mwangu. Kidonge cha mchuzi. Mkono ulikwenda kabatini wenyewe, ukakifungua, ukakisaga kwa vidole, ukanyunyiza, kama unavyofanya kila siku ya Mungu. Nikaikunjua ile karatasi nikasoma. Mafuta ya kuku, unga wa vitunguu, unga wa vitunguu saumu. Vyote vitatu katika kidonge kimoja, kama kilitengenezwa kwa ajili ya kunikomoa.

Hakuna aliyeniona. Binti alikuwa anaoga. Kidonge kilishayeyuka, sufuria ya watu 14, harufu yake nzuri haijapata kutokea. Nilisimama pale muda ambao sitaki kuutaja. Nikawaza: ni kidonge kimoja. Nikawaza: kuku mwenyewe humo ni kivuli cha kuku. Nikawaza hata kwamba Mungu wao ni mtu mzima, ataelewa.

Kilichonizuia sidhani kama ni utakatifu. Nilimwona Ba anageuza blauzi ndani nje. Mbaazi hazigeuzwi ndani nje.

Nikafunga uzi mwekundu kwenye mpini wa sufuria, nikaiteremsha ngazi zote mwenyewe hadi uani, nikaiweka karibu na ndoo ya mbuzi. Mume wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia mbaazi zimeingia jeshini. Nikapanda, nikakagua kabati: kulikuwa na kilo moja ya adesi, zile dengu ndogo nyekundu, ambazo Mungu azibariki zinaiva nusu saa bila kulowekwa. Mafuta, ncha ya kijiko ya mvuje, nyanya, tangawizi, bizari, tui, ndimu mwishoni. Vidonge vilivyobaki kwenye pakiti nikavitupa nje vyote.

Saa kumi na moja na nusu mume wangu akawasha mkaa, na mimi, niliyepanga kila kitu hadi rangi ya uzi, nilikuwa sijapanga upepo. Mwezi wa nane ni kusi. Moshi wa kwanza wa mafuta ya mbuzi ulipanda ukuta wa jengo, ukafika ghorofa ya pili, ukaingia kwenye madirisha ya Ba kama umealikwa. Nikashuka mbio, kanga inanivuka, napiga kelele asogeze jiko, asogeze jiko nyuma ya tangi. Ba alikuwa dirishani.

"Mwache," akasema. "Zaidi ya miaka hamsini nasikia harufu hiyo kwenye jengo hili. Leo ndiyo mara ya kwanza nimealikwa."

Tukasogeza jiko hata hivyo.

Jua likazama, wifi na shemeji wakafika na makande. Yalipikwa Ijumaa kabla Sabato haijaingia, yakafungwa na blanketi la mtoto, na shemeji hakukubali yapashwe moto hadi alipotazama mwenyewe nje ya dirisha akaridhika na giza. Mume wangu akaanza. Wachaga na Wapare ni watani, na hawa wawili wanaweza kukesha. "Shemeji, sema ukweli, Mpare hakuacha nyama kwa ajili ya Biblia. Aliacha baada ya kuuliza bei buchani."

"Na wewe," shemeji akajibu, akichungulia ndoo, "umenunua kilo 4 kwa watu 14. Wabahili ni sisi?"

Meza kubwa nikaiweka katikati, vyakula vya uzi wa kijani vyote, na wa njano mwishoni kabisa. Nyama na mbaazi za jeshini zikakaa kwenye meza yangu ya kukatia, karibu na mlango wa kibarazani. Mjukuu mkubwa wa Ba alizunguka akikagua nyuzi, halafu akatangaza kwa sauti kwamba ni kama biskuti za India. Baba yake akatufafanulia: vyakula vya pakiti vya India huwekwa alama, kidoa cha kijani ndani ya mraba maana yake hakuna nyama. Sikuwa najua. Nilijisikia mvumbuzi kwa dakika moja, halafu nikajisikia mtu aliyechelewa.

Kumbe mtu wa kushangaza usiku huo alikuwa Baba. Kiburu nilikipika kwa ajili ya kumtuliza tu: ndizi mshare na maharage, vimechemshwa pamoja, vimepondwa, chumvi, basi. Wifi ndiye aliyenifundisha. Baba akapita kwenye nyama akachukua ubavu mmoja, akafika kwenye kiburu akasimama. Akajaza sahani. Akala kimya, akarudi akajaza tena. Halafu akamgeukia Ba, ambaye alikuwa hajamsemesha hata neno zaidi ya salamu, akamwambia kwamba utotoni kwake Machame hiki ndicho walichokula, asubuhi na jioni, na nyama ilikuwa Krismasi, au ng'ombe akivunjika mguu. Ba akamwambia yeye hajawahi kukila. Akamchotea mwenyewe, kwa mwiko wa kijani, baada ya kuukagua uzi kwa yale macho yake ya kliniki kwa karibu sana, kama anasoma Agano la Kale.

Si kila kitu kilikwenda hivyo. Kisamvu bila kitunguu saumu, niseme ukweli, kilipwaya. Karanga zilijitahidi. Shemeji alikiponya cha sahani yake kwa kukimwagia kachumbari ya vitunguu, na wengine wakamfuata, na Ba akasema ni kizuri kwa adabu ambayo niliitambua, maana ndiyo ninayoitumia kwa kitambaa kibaya cha mteja. Halafu mtoto wa wifi, miaka minne, mkono mmoja umeshika mfupa wa mbuzi, akatumbukiza mkono wa pili, uliong'aa mafuta hadi kwenye kiwiko, ndani ya bakuli la ndizi mzuzu. Sote tuliganda. Mkwe wa Ba hakusema neno. Alifungua uzi wa kijani kwenye upawa wa ndizi, akaukunja vizuri akauweka mezani, akafunga mwekundu. Akaendelea kula.

Fundi mwenzangu alikula nyuzi zote tatu. Watoto waligombania ukoko wa wali hadi ikabidi ugawanywe kwa futi. Kinywaji kilikuwa mchaichai kwa wote, kwa sababu ya shemeji, na mkwe wa Ba alileta bakuli la maziwa mgando matamu yenye zafarani, lililokauka kabla sijapata kijiko cha pili. Nyama, ambayo mume wangu aliihofia haitatosha, ilibaki karibu kilo nzima. Ikaenda kwa mlinzi.

Wakati wa kuondoka Ba alishika mkono wangu pale mlangoni. "Mbaazi ziko wapi? Tangu saa tisa nasikia mbaazi."

Nikamweleza. Simu, mkono, kidonge, yote. Nikamwonyesha hata ile karatasi ya dhahabu, sijui kwa nini nilikuwa bado ninayo mfukoni. Akaisoma, ikiwa mbali na macho, midomo inachezacheza. Akanirudishia.

"Na huyo mteja wa gauni," akauliza, "umemkubalia Jumatatu?"

"Hapana."

"Vizuri."

Akashuka ngazi, ameshikwa na mjukuu upande huu, na upande wa pili mwanawe amebeba sufuria yangu ya adesi zilizobaki, uzi wa kijani bado uko mpinini. Nilisimama juu nikaiangalia inavyoshuka hadi taa ya ngazi ikazimika.

Jumatatu asubuhi mjukuu akairudisha sufuria. Imeoshwa, imefutwa. Ndani kulikuwa na kikopo kipya cha hing, na chini ya kikopo ile blauzi niliyoipeleka Ijumaa, imekunjwa, na kikaratasi kimebanwa na pini: *Ubavuni pamebana tangu juzi. Achia inchi moja.*

Inchi nilikuwa nimeiacha.